Zamu ya Mweusi

Kompyuta ya Mzee Rajabali iliaga dunia siku ya arobaini ya mkewe. Watu walikuwa wameshakula pilau, wameshaomba dua, wameshamwambia ajikaze, na wameshaondoka na viti vyao vya kuazimana. Mzee akabaki peke yake pale Geita, katika nyumba yenye ofisi ya kununulia dhahabu mbele na vyumba vingi kupita kiasi nyuma. Akawasha jenereta, akaketi, akabonyeza kitufe. Kompyuta ikawasha taa yake ya kijani, ikakoroma kidogo kama mgonjwa anayetaka kutoa wosia, kisha ikaandika kwenye kioo maneno ya Kiingereza ambayo kwa ufupi yalimaanisha kwamba haikumbuki kitu.

Msiba huo wa pili haukutangazwa popote, wala hakuna aliyeleta sukari.

Uzito wake hauwezi kueleweka bila kuizungumzia drafti. Marehemu Gulnaz, Mama Shelina, alikuwa mwanamke mcha Mungu, mkarimu, mpishi hodari, na mwizi wa drafti. Kwa miaka mingi walicheza kwa vizibo vya soda, na kila Rajabali aliporudi kutoka kuswali alikuta kete zake zimetembea.

"Nani kasogeza hii?"

"Upepo, Baba Shelina."

"Madirisha yamefungwa!"

"Basi jiulize wewe ulikuwa unaombea nini huko."

Ndipo binti yao Shelina, kabla ya kuhamia Kanada, alipowaletea kompyuta iliyochoshwa na ofisi moja ya Dar es Salaam. Aliileta kwa ajili ya hesabu za biashara, lakini ndani yake kulikuwa na mchezo wa drafti. Rajabali alifurahi kama mtu aliyeletewa hakimu. Kompyuta hairuhusu kete itambae pembeni wala irudi nyuma kabla haijafika mwisho na kuwa kingi. Wakaweka sheria: kila mtu acheze mara moja kwa siku, kwa wakati wake, ahifadhi mchezo, azime. Haki ikawa imeingia nyumbani. Na tangu siku hiyo, chini ya haki hiyo, Rajabali hakushinda hata mara moja.

Mara nyingi alilitazama bao akaona halifanani na alivyoliacha. Alijilaumu mwenyewe.

"Ni umri," alisema.

"Ni umri," Gulnaz alikubali kwa huruma, akimmiminia chai.

Mchezo wa mwisho ulikuwa tofauti, maana Rajabali alikuwa anaongoza. Zamu ilikuwa ya Gulnaz. Asubuhi ya Gulnaz kwenda Mwanza kufanyiwa upasuaji, mzee alikuwa nje akitia maji kwenye rejeta ya gari, akasikia kibodi ikigongwa ndani.

"Unafanya nini huko?"

"Nazima tu!" Gulnaz akajibu, akatoka na mtandio wake, akapanda gari. Njiani walizungumzia bei ya samaki. Hakurudi.

Kwa hiyo swali lilikuwa moja tu, na lilimkalia Rajabali kifuani kama gunia. Kama Gulnaz alizima tu, mchezo uliishia pale na hakuna mwenye deni la jibu. Lakini kama alicheza, basi kuna jambo alilolifanya kwa ajili yake, akamwachia, na yeye hajalijibu. Kila kingine walichokuwa nacho kilikuwa kimekwisha kuzikwa. Kwa heshima alisubiri arobaini ipite ndipo afungue. Wakati akisubiri, alitoa bao la zamani, akapanga vizibo kama mchezo ulivyokuwa usiku ule wa mwisho, akawa anavitazama kila anapokula, na alikula akivitazama kila siku.

"Mwangaluka, Mzee," alisalimia Ngassa, mchimbaji, kwa Kisukuma, siku chache baada ya kompyuta kugoma, akimwaga vumbi la dhahabu kwenye sahani. Rajabali akafungua kasha lake la bati, akatoa sumaku nyeusi, akaipitisha juu ya vumbi. Mchanga mweusi wa chuma ukaruka ukaishika sumaku, dhahabu ikabaki chini. Ndivyo wanunuzi wote wafanyavyo, na sumaku ya Rajabali ilisifika kwa ukali.

"Unacheza na nani?" Ngassa aliuliza, akiangalia vizibo.

"Na Mama Shelina."

Ngassa akavua kofia. Kisha, kwa kuwa alikuwa mtu wa drafti kabla ya kuwa mtu wa huzuni, akainama. "Mweusi anakula huyu."

"Mimi ndiye mweusi."

"Basi hongera, Mzee," akasema Ngassa, na sauti yake ikaishia katikati.

Ngassa huyohuyo ndiye aliyemwambia habari za Ghati, mwalimu wa kompyuta katika chuo cha kuchapa pale Shinyanga, aliyekuwa akifufua mashine za watu. Rajabali akapanda basi, boksi la kompyuta mapajani limefungwa kwa khanga ya marehemu. Wakapita Ushirombo, wakapita Tinde, na hakuna abiria aliyepewa ruhusa ya kuweka kitu juu yake.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, mwanangu. Huyu hapa."

Ghati alifungua skrubu, akachomoa kisanduku cha chuma kilichokuwa kumbukumbu ya mashine. Akakiweka sikioni kama daktari. "Humu kuna sahani inayozunguka. Imekaa muda mrefu bila kuwashwa, imenata."

"Nilikuwa nasubiri arobaini."

"Hii yenyewe haikujua kusubiri." Akaona uso wa mzee, akaacha utani. "Unatafuta nini humu? Hesabu?"

"Drafti."

"Umetoka Geita, vumbi lote lile, kwa sababu ya drafti?"

"Hesabu ziache zilale."

Ghati akamweleza: umeme ukiingia tu, kisanduku kizungushwe ghafla kwa kifundo cha mkono, kishtuke. Rajabali akaomba akishike mwenyewe. Alikuwa ametazama watu wakizungusha karai za dhahabu mtoni tangu ujana. Ghati akabonyeza, mzee akazungusha. Kimya. Akazungusha tena, na ndani ya chuma kitu kikaanza kuvuma, chembamba, kama mbu aliyeamka na njaa.

"Usipumue," Ghati alisema, akianza kunakili faili kwenye flopi, kile kibamba cha plastiki cha kuhifadhia kumbukumbu.

Adhuhuri ikaadhiniwa. Rajabali akaenda kuswali, akaacha agizo: mchezo usifunguliwe. Utafunguliwa nyumbani, mbele ya kiti cha Gulnaz. Aliporudi flopi ilikuwa tayari mezani.

"Kompyuta itawaka na flopi hii peke yake, haihitaji kile kisanduku. Itunze, Mzee. Kile sijui kama kitaamka tena."

Kuitunza! Mtu aliyeishi kwa kutunza vitu vidogo vya thamani kati ya wezi na vumbi hakuhitaji kufundishwa. Nasibu, kondakta wa basi la kurudi, alijitolea kuiweka mbele kwa dereva. Rajabali alimtazama kama aliyejitolea kumtunzia jicho. Akafungua kasha lake la bati, lile lililokwenda naye kila safari, akailaza flopi ndani, akafunga kufuli, akalikumbatia kasha mpaka Geita.

Nyumbani alioga, akavaa kanzu, akawasha jenereta, akasogeza viti viwili. Akafungua kasha. Akaona mizani, akaona mawe ya kupimia, flopi hakuiona. Akainua sumaku ili atafute chini yake.

Flopi ikapanda pamoja na sumaku, imening'inia kwa kitovu chake cha chuma, kama mtoto wa popo.

Aliibandua taratibu, akaipangusa kwa kanzu, akaiingiza. Kompyuta ikakwaruza, ikakwaruza, ikaandika tena yaleyale ya kutokumbuka kitu. Rajabali hakupiga kelele. Alizima jenereta kuokoa mafuta, akakaa kati ya viti viwili, yaani kwenye kimoja, huku kingine kikimtazama.

Safari ya pili ya Shinyanga haikuwa na khanga. Ghati alisikiliza habari ya sumaku, kitu ambacho hufuta kila kilichomo kwenye flopi, akafumba mdomo kwa kiganja, na haikujulikana anazuia nini. Wakajaribu kisanduku. Mzee akazungusha mpaka kifundo kikauma. Mbu hakuamka.

"Basi," alisema Rajabali. "Ahsante, mwanangu." Akaanza kufunga boksi.

"Mzee, kaa kwanza." Ghati alikuwa akitazama sakafu. "Siku ile ulipokwenda kuswali, niliufungua."

"Nilikukataza."

"Ulinikataza. Lakini nakala isiyofunguliwa mimi siiamini. Niliangalia tu kama ipo. Kisha nikaangalia mchezo, kwa sababu nimekua na kaka zangu kijiweni, siwezi kupita drafti nisiitazame."

Rajabali akakaa. "Ilikuwa zamu ya nani?"

"Chini ya kioo iliandikwa: zamu ya mweusi."

Nje mtoto alikuwa akiuza karanga kwa sauti, akapita, sauti ikaisha.

"Alicheza," akasema Rajabali. "Aliniambia anazima tu, kumbe alicheza."

Ghati akachukua chaki, akachora bao ubaoni. Kete zilikuwa zimebaki chache. Akaweka nyeusi, akaweka nyeupe. "Na hapa pembeni mweupe alikuwa na kingi."

"Hana kingi."

"Anayo, Mzee. Ndiyo niliyoitazama zaidi."

"Kete yake ilikuwa nyumba mbili kutoka mwisho! Mwendo mmoja haufiki." Akasimama, akausogelea ubao. "Na hii nyeusi? Mimi hii sikuisogeza. Nimeitazama kila siku kwa vizibo, ilikuwa hapa. Nani kaileta huku?"

"Siyo mimi!" alisema Ghati, akiinua mikono yenye chaki.

Wakautazama ubao pamoja, na jambo likajifunua polepole, bila aibu. Gulnaz alicheza zamu yake. Kisha akacheza zamu ya mumewe, mwendo wa kijinga kabisa. Kisha akacheza tena yake, akapata kingi, akahifadhi, akazima, akaenda hospitali. Kompyuta haikuwa na kosa. Ilihesabu zamu, haikuuliza vidole ni vya nani.

"Miaka yote ile," alisema Rajabali. "Nilidhani ni umri!"

Akacheka mpaka akashika meza. Ghati naye akacheka, kisha akaacha, kwa sababu mzee alikuwa anafuta macho na hakumaliza.

Jioni ile aliyofika Geita, Rajabali alivipanga vizibo upya kama ubao wa Ghati: kete yake mahali pa kijinga ilipopelekwa, na kizibo juu ya kizibo kwa kingi ya wizi. Hakusahihisha kitu. Mchezo ulikuwa umeharibika vibaya, na kila upande alioutazama alikuwa analiwa. Ilikuwa zamu yake.

"Umeniibia, Mama Shelina," akakiambia kiti.

Kiti kikakana. Rajabali akasogeza kete moja mbele, kwa uangalifu, akaondoa kidole, akatoka kwenda kuswali, akauacha mlango wazi.