Lenzi Fupi

Kaka alipoingia chumba cha nyuma na boksi kubwa kwapani, sonara alikuwa anapiga tupa ukingo wa pete, na hasira za asubuhi zilikuwa bado hazijamtoka. Msomaji usichanganye hapa: sonara ni dada mtu. Kaka ana duka la mbele, ana kabati la vioo, ana koti, na zaidi ya yote ana mdomo. Vito vyote vilivyolala kwenye lile kabati vilitoka kwenye vidole vya mdogo wake, kimoja baada ya kingine, na kaka alilijua hilo kuliko mtu yeyote.

Zamani alikuwa akilisema. Mteja akiuliza, "Hii kaitengeneza nani?" kaka alijibu, "Anatengeneza dada yangu, yuko nyuma huko." Miaka ikaenda, jibu likawa "tunatengeneza wenyewe." Sonara alilisikia kupitia pazia akanyamaza, maana duka ni la familia, na hiyo "tu" angalau yeye alikuwamo ndani yake. Halafu asubuhi ile mama mmoja aliyekuja kuchukua bangili akauliza swali lile lile, na kaka, bila hata kukohoa, akasema, "Natengeneza mwenyewe."

Silabi moja tu, jamani. Ilimkata maini. Mteja alipoondoka, sonara alifunua pazia na wakagombana mpaka fundi viatu wa duka la jirani akazima redio yake asikilize vizuri.

Ugomvi haukuanzia kwenye bangili. Chama cha masonara kilikuwa kinaandaa maonyesho, na kila mwanachama alitakiwa kupeleka picha ya kazi yake iliyopigwa kwa karibu sana, mpaka alama ya nyundo ionekane. Picha zitakazopendeza zingechapishwa kubwa na kutundikwa ukumbini, na chini yake jina la aliyetengeneza. Tangu marehemu baba yao amtie tupa mkononi akiwa binti mdogo, jina la sonara lilikuwa halijaandikwa popote. Alilitaka pale ukutani, siku moja tu, watu walisome. Lakini mwanachama alikuwa kaka, kwa sababu duka lilikuwa kwa jina la kaka.

"Nitapeleka kwa jina langu," kaka alisema. "Nani atakuja kuuliza?"

"Mimi nitauliza."

"Wewe si umo humu humu ndani? Jina langu, jina lako, tofauti yake nini?"

"Kama hakuna tofauti, weka langu."

Hapo kaka alijifanya hamnazo, akaanza kuzungumzia vumbi la kwenye kabati. Sonara akamwambia basi, angalau picha atapiga yeye mwenyewe, hataki mtu mwingine aiguse ile pete aliyokuwa akiichonga kwa ajili ya maonyesho. Amletee kamera ya kuanzia, hata iwe kuukuu, na lenzi ya karibu.

Ndiyo hiyo sasa iliyokuwa kwenye boksi. Kaka aliifungua kwa madaha, akachomoa lenzi ndefu kama mchi, akaiweka katikati ya meza, juu ya msasa na vumbi la fedha.

"Ya karibu," alisema. "Umetaka, umepata. Hapa dirishani tu, unauona ule mnara wa simu kule? Unavuta mpaka unamwona kunguru anavyojikuna."

Sonara alimtazama. Akaiweka pete kwenye kitambaa cheusi, akafunga lenzi kwenye kamera, akajaribu. Ukungu. Akarudi nyuma kidogo. Ukungu. Akarudi tena, kiti kikaanguka, akarudi tena mpaka mgongo ukagonga mlango, na hapo tu ndipo lenzi ilipokubali kushika. Pete ilikuwa kitu kidogo katikati ya meza kubwa. Vikombe vya chai vya jana vilionekana vizuri sana.

"Kaka, nilisema ya kupiga kwa karibu. Hii inavuta karibu."

"Karibu ni karibu."

"Si karibu moja. Hii inakuletea kilicho mbali. Mimi nataka ya kusogelea kilicho hapa."

"Ah, sasa unanitafutia maneno." Kaka alicheka. "Mtu kajihangaisha, kakuletea mzinga wa lenzi, badala ya shukrani unamfundisha Kiswahili."

Hakukosea kwa makusudi, na hilo ndilo lililomuudhi sonara zaidi. Kaka alikuwa amesikia neno moja tu katika maneno yake yote, akaenda nalo dukani, akajiona kamaliza. Ndivyo alivyokuwa akimsikiliza maisha yote. Sonara alirudisha lenzi na kamera kwenye boksi, akavua aproni, akaitia pete mfukoni.

"Twende ikabadilishwe."

"Nitaenda mwenyewe, usijisumbue."

"Nimesema twende."

Duka la kamera lilikuwa jembamba, limejaa makabati mpaka darini, na muuzaji alikuwa mtu mwenye masharubu manene na shati jekundu linalong'aa. Aliwaona wawili wakiingia, akamchagua mmoja.

"Karibu, mzee. Unapiga nini zaidi?"

"Vito," kaka akasema. "Mimi ni sonara."

Mbele yake. Dada mtu amesimama pale pale, vidole vyeusi kwa kazi, na huyu mtu ambaye hajawahi kushika tupa hata ya kucha anasema mimi ni sonara. Damu ilimpanda sonara mpaka masikioni. Angeweza kumwaga mtama pale dukani, na alistahili kufanya hivyo, mimi ningefanya. Lakini alikuja kwa ajili ya lenzi. Akatoa pete mfukoni, akaigonga juu ya kioo cha kaunta, sauti ikamfanya muuzaji ageuke.

"Nataka kupiga hii," alisema. "Iwe kubwa mpaka mchongo uhesabike. Niongeleshe mimi, huyu amenisindikiza."

Muuzaji, tumsifu kwa hilo, hakuhitaji kuambiwa mara mbili. Aliichukua pete, ilikuwa pete pana ya fedha, tumbo limeng'arishwa na kingo zimechongwa majani madogo madogo, akaigeuza kwenye mwanga. Kisha akachukua ile kamera yao na kuiweka kando.

"Kamera hii inatosha, dada. Kwa anayeanza usihangaike na kamera. Pete haikimbii, huna haja ya mwendo wala mbwembwe. Kinachoamua ni lenzi." Akaweka mbili kwenye kaunta, moja fupi kama kikombe cha kahawa, nyingine ndefu kiasi. "Hizi zote mbili ni za kupiga kwa karibu, zote zitakupa ukubwa ule ule. Tofauti yake ni wewe unasimama wapi. Fupi inataka uisogelee pete kabisa, nusura uiguse. Ndefu unakaa mbali kidogo."

Akafunga ile fupi, akapiga, akaikuza picha kwenye skrini na kuwaonyesha. Majani yote yalikuwepo, kila mkato. Na kwenye tumbo la pete, katikati kabisa, alikuwepo muuzaji mwenyewe, shati jekundu na masharubu yake, amejipinda kama mtu aliyechungulia kwenye kijiko.

Kaka alicheka sana. Muuzaji naye akacheka. "Ndiyo ubaya wake. Fedha iliyong'arishwa ni kioo. Ukiisogelea, unaingia kwenye picha." Akabadilisha, akapiga na ile ndefu kutoka nyuma, mwanga wa dirisha ukiwa pembeni. Safari hii tumbo la pete lilikuwa jeupe, safi, halina mtu. "Kwa vito nashauri hii. Mpigaji haonekani. Mtu akiitazama picha, anaona pete tu, kama imejitengeneza yenyewe."

"Hiyo hiyo," kaka akasema. "Tunataka hiyo. Asionekane mtu."

Sonara aliyasikia hayo maneno mawili. Alisimama akiitazama ile picha safi, na kweli ilikuwa nzuri, hapo hakuna ubishi, mtu yeyote mwenye akili zake angeichagua. Asionekane mtu. Hakuwa ameonekana miaka yote ile nyuma ya pazia, na sasa kulikuwa na lenzi maalumu ya kazi hiyo.

"Nachukua fupi," alisema.

Muuzaji alikuna masharubu. "Utakuwemo kwenye kila picha, dada."

"Nimeona."

"Labda ukate karatasi nyeupe, uitoboe tundu la lenzi, ujifiche nyuma yake. Wengine hufanya hivyo."

"Asante kwa kunielekeza."

"Wewe una nini?" kaka akamuuliza. "Mtu kakueleza vizuri ipi ni ipi, unajitia ukaidi wa nini?" Lakini aliposikia kwamba ile fupi ndiyo rahisi kuliko zote, na kwamba ule mzinga utapokelewa bila maneno, ukaidi ule ukageuka busara. Kaka ni mkono wa birika. "Basi sawa," alisema, "mpe anayoitaka. Hata mimi naona fupi inashikika."

Kesho yake sonara alifagia meza ya kazi, akaisogeza chini ya dirisha. Akaweka pete kwenye kitambaa, kamera kwenye stendi ya miguu mitatu, lenzi ikaisogelea pete mpaka karibu kuigusa. Karatasi nyeupe ilikuwepo pale mezani, kubwa, ya kutosha kabisa. Hakuitoboa. Badala yake aliingia ndani, akatoa kilemba chake cha manjano, kile cha kung'aa ambacho wifi yake humtania kwamba kinaonekana hata umeme ukikatika, akakifunga vizuri kichwani. Akakaa pembeni ya kamera, uso kwenye mwanga, tupa mkononi. Hakutabasamu. Alikuwa na hasira na aliziacha usoni zilivyo.

Alipiga nyingi. Nyingi zilitoka ukungu, kwa sababu kwa ukaribu ule ukipumua tu majani yanapotea. Iliyotoka vizuri aliikuza kwenye skrini, akamwona: mwanamke mdogo kama mbegu ya ufuta, wa manjano, kwenye tumbo la fedha. Akairudisha ndogo, akamtumia kaka kwenye simu.

Kaka hakuikuza. Kwa nini aikuze? Aliona pete, inang'aa. "Safi kabisa," alisema. "Umeona sasa, si ndiyo kushirikiana huku?" Akaipeleka kwa jina lake.

Ilipita. Si kupita tu, waliichapisha kubwa kuliko zote wakaitundika ukuta wa mbele wa ukumbi, urefu wa mlango. Siku ya kufungua maonyesho kaka alivaa koti jipya akasimama chini yake kama bwana harusi, na watu walipomjia alikuwa ameshazoea: nilitengeneza, nilichonga, nilisugua usiku na mchana. Picha aliipa mgongo. Alishaiona kwenye simu, tena ya nini kuitazama.

Sonara alisimama karibu na mlango, mikono kifuani, kilemba cha manjano kichwani. Wifi yake, mke wa kaka, ndiye aliyefika na watoto akiwa amechelewa. Hakujua lolote la ugomvi wala la lenzi. Aliinua macho ukutani na kukodoa.

"Wifi," akaita kwa sauti yake ile inayofika sokoni, "si wewe huyu ndani ya pete?"

Waliokuwa wakizungumza na kaka wakainua vichwa. Kaka naye akageuka. Ukutani, kwenye tumbo la pete, alikuwepo dada yake, mkubwa kama mdoli wa mtoto, amejipinda kidogo pembeni ila ni yeye, kilemba, tupa na ule uso. Alikuwa anamtazama moja kwa moja. Kaka alitoa leso akajifuta shingo.

"Huyo ni dada yangu," alisema. "Alinisaidia kupiga picha."

Kulikuwa na bibi mmoja mwenye miwani, sonara wa siku nyingi, mwanachama wa kwanza kabisa wa chama. Alisogea kwenye picha, akaangalia mkono, akaangalia kidole gumba kilivyolalia mpini wa tupa, kisha akageuka akamtafuta mwenye kilemba mpaka akamwona pale mlangoni.

"Tupa haipigi picha," bibi alisema. Akamtazama kaka. "Pete hii kaitengeneza nani?"

Kaka alifungua mdomo. Midomo ikajikusanya kusema "tu," kila mtu aliiona, ile ile ya zamani ya kumfichia dada yake ndani, na hata hiyo ikamkwama. Akamtazama mdogo wake kwa macho ya kuomba. Yalikuwa macho ya kweli, ya mtu wa damu moja, na siku nyingine yangemlegeza.

Sonara alitoka mlangoni, akapita katikati ya watu mpaka chini ya picha, akasimama kati ya kaka na lile jina lake lililoandikwa.

"Nimeitengeneza," alisema.

Bibi akatikisa kichwa kukubali, akamwomba amwonyeshe mikono. Kaka alibaki nyuma yake, amekunja leso, na hakuna aliyemuuliza kitu kingine.