Mtoto wa Thelathini na Moja

"Haya, Bi Pazia, shika kazi yako," nilimwambia, na darasa zima likaangua kicheko. Binti huyo alikwenda dirishani, akakusanya ncha mbili za kitambaa cha buluu, akazibana kwa mikono yote miwili ili jua la mchana lisifute picha ukutani. Alikuwa na miaka kumi. Projekta ikawaka, na wenzake thelathini wakainamia vishikwambi vyao.

Jina hilo nililibuni mimi. Watoto walilidaka tu, wakaenda nalo mpaka uwanjani, mpaka chooni.

Mchezo wenyewe ulikuwa mzuri, tusidanganyane. Niliupata mtandaoni, wa bure: neno linatokea, maana nne chini yake, na anayegusa maana sahihi haraka ndiye anayezoa alama. Watoto waliokuwa wakisinzia kwenye kipindi cha msamiati sasa walinisubiri mlangoni. Lakini cha bure kina masharti yake. Programu ilipokea wachezaji thelathini, basi. Wa thelathini na moja akijaribu kuingia anaandikiwa: Chumba kimejaa. Na mimi nilikuwa na watoto thelathini na mmoja.

Siku ya kwanza ilikuwa bahati mbaya. Alichelewa kuandika jina lake, akafungiwa nje. Siku ya pili ilikuwa mimi. Nilikuwa nimeshaona kwamba bila yeye wastani wa darasa unapanda. Binti yule alisoma polepole mno. Hata kwenye mazoezi ya daftari, kila swali alilisoma hadi mwisho, midomo ikimchezacheza, na muda ukamwishia palepale. Mwalimu mkuu alikuwa akibandika wastani wa kila darasa kwenye ubao wa ofisi ya walimu, na mimi, kuwa wa pili sikuumbiwa.

"Si uwapangie zamu?" mwalimu wa hesabu aliniuliza siku moja tukinywa chai. "Leo akae nje huyu, kesho yule."

"Zamu? Huyo akiingia, darasa zima linashuka naye."

"Lakini ni mtoto, jamani."

"Basi mchukue wewe."

Akakoroga chai yake ambayo sukari ilikuwa imeshayeyuka zamani.

Kuna siku neno "tashwishi" liliwashinda wote. Watoto thelathini, hakuna hata mmoja aliyegusa maana sahihi. Nikawa nawakaripia, mara sauti ikatoka dirishani, ndogo lakini haikutetereka: "Ni shaka, mwalimu. Mtu akiwa hana uhakika."

"Nani kakuuliza?" nilisema. "Wewe kazi yako nini hapo?"

"Pazia, mwalimu."

Walicheka mpaka wengine wakapiga meza. Nami nilicheka. Leo nimestaafu, nakaa kwa dada yangu, na mtu akinisimamisha njiani kunisifu kwamba nilikuwa mwalimu hodari, naona aibu hadi masikio yananiwaka moto. Siku ile sikuona chochote. Kichwa kilikuwa kimevimba.

Na kilivimba zaidi. Niliitwa kuzungumza na walimu wa shule nyingine, ukumbi umejaa, nikapewa kipaza sauti. Nikawaambia kwamba zana hizi za bure hazimwachi mtoto yeyote nyuma. Kwa maneno hayohayo. Wakanipigia makofi, wengine wakaandika kwenye daftari zao, na mwalimu mkuu aliyekaa mstari wa mbele akawa anatikisa kichwa kama baba wa bwana harusi.

Mwisho wa mwaka aliniita ofisini. Alikuwa amechapisha orodha ya alama kutoka kwenye mchezo.

"Mwaka huu hizi ndizo alama za lugha," alisema. "Aliye chini ya nusu anarudia darasa. Lakini nahesabu majina thelathini. Huyu mmoja yuko wapi?"

Jibu lilikuwa fupi: hajacheza hata siku moja, mimi ndiye niliyemzuia. Lingeisha hapo. Mtoto angepewa mtihani wa karatasi, angefaulu, angepanda na wenzake. Ila hotuba yangu yote ingegeuka kichekesho, na mwalimu wa hesabu angepata la kusimulia. Nikajisemea, funika kombe mwanaharamu apite.

"Huyo amepata sifuri," nikasema.

"Sifuri kabisa?"

"Kabisa."

Akaliandika jina lake kwa mkono chini ya yale thelathini.

Siku tatu baadaye mama yake alikuja, bado amevaa sare yake ya usafi wa hospitali, ameomba ruhusa ya saa moja. Alimshika binti kwa kifundo cha mkono. Macho ya mtoto yalikuwa yamevimba kwa kulia.

"Mwalimu, samahani kukusumbua," alisema. "Nimeletewa karatasi kwamba anarudia. Kumuuliza, ananiambia eti hakuwahi kucheza. Eti mwaka mzima alikuwa anashika pazia! Nimemchapa jana, nimemchapa na leo, hataki kubadili maneno. Sasa nimesema twende kwa mwalimu mwenyewe. Ni kweli?"

Binti aliinua uso akanitazama. Hakuwa na hofu, na hilo ndilo linaloniuma hadi leo. Alikuwa na uhakika. Alijua kwamba sasa mambo yamefika kwa mtu anayejua, na mtu huyo atasema.

Korido ilikuwa na wazazi wengine, na mlango wa mwalimu mkuu ulikuwa wazi.

"Mama," nikasema, "watoto unawajua. Hawakosi sababu."

"Nilijua!" Mama alimtikisa mkono. "Njia ya mwongo ni fupi, nilikwambia! Mwalimu wa watu anahangaika na wewe, unakwenda kumsingizia? Mwombe radhi. Sasa hivi."

Binti alimtazama mama yake, akanitazama mimi, kisha akatazama viatu vyake.

"Nisamehe, mwalimu," alisema. "Nilisema uongo."

Nilimpapasa kichwa. "Nimekusamehe," nikamwambia.