Kilo Thelathini na Tisa Zaidi

"Kilo tisini na mbili!" msoma mizani alitangaza, na ukumbi ukaangua kicheko.

Kabla ya Kibiriti alikuwa amepanda mizani mpinzani wake wa ngumi, Ghorofa: mia moja thelathini na moja. Wapambe wa Ghorofa wakashangilia kana kwamba kunenepa nako ni ufundi.

"Kibiriti, kaka, huyo atakukalia tu, pambano liishe," alisema mpambe mmoja.

"Akinikalia nitambeba. Kwani mimi kazi yangu ni ipi?"

Alikuwa kuli wa ghala la saruji. Miaka kumi na mmoja alikuwa akipakia malori, mfuko wa kilo hamsini shingoni, na jioni akifanya mazoezi ya ngumi. Alishapoteza mapambano matatu mfululizo, na kocha hakumficha kitu: "Leo ukipigwa, mdogo wangu, glovu unarudisha. Mimi sifundishi magunia."

Kengele ikalia. Ghorofa hakupiga, alilala. Hiyo ndiyo elimu nzima ya majitu: wakiishiwa maarifa wanakukumbatia, wanakutwisha tumbo, wanangoja magoti yako yaombe radhi. Raundi nne alimlalia Kibiriti hivyo.

"Toka chini yake, wewe! Toka!" kocha alipiga kelele.

Kibiriti hakutoka. Alitanua miguu, akakaza shingo, akavuta pumzi fupi fupi za puani, kama anavyofanya kwenye ubao wa kupandia lori. Mfuko wa saruji hauhemi. Huu ulikuwa unahema, na kila raundi ulihema zaidi. Jitu zima lilikuwa linachoka kwa kubebwa!

Raundi ya tano Ghorofa akajilaza tena. Kibiriti akapiga hatua moja pembeni, kama anayeshusha mzigo, kisha ngumi moja ya mbavu. Ghorofa akaenda chini kifudifudi. Mwamuzi alihesabu hadi kumi. Angetaka, angefika mia.

Chumba cha kubadilishia nguo kilikuwa kimoja kwa wote wawili. Wapambe wote wa Ghorofa walikuwa wametoweka, hata yule wa kumshikia taulo. Nje ya mlango kocha alikuwa akiwaeleza watu kwamba yeye alijua tangu mwanzo. Ghorofa, kwenye benchi, aliinama afungue kamba za viatu. Tumbo likamzuia. Akajaribu kwa kushoto, akajaribu kwa kulia. Vidole vikaishia chini kidogo ya goti.

"Ndugu yangu," alisema bila kuinua macho, "nisaidie hapa."

Kibiriti alilitazama lile fundo. Lilikuwa limekazwa mara mbili, kwa mkono wa mmoja wa wale waliotoweka.