Mkwe Chini ya Spika

Mabwana wa kampuni ya sabuni walileta bendi ya roki Tukuyu mwaka wa tisini na sita, wakatuchukua sisi vibarua tupange maspika kwenye uwanja uliolowa mvua. Nilimwambia msimamizi ardhi itadidimia. Akacheka: "Mzee, shika kamba. Kufikiri tuachie sisi."

Muziki ulipoanza, mnara wa maspika ukaanza kuinama. Tulivuta kamba, mimi na kibarua mwenzangu Ndimyake, mpaka viganja vikachubuka. Chini ya mnara nikamwona Atupakisye, mke wa mwanangu, anacheza na mjukuu wangu mgongoni.

Kwetu Wanyakyusa mkwe haonani na baba mkwe, wala hasemeshwi. Zamani mke wangu ndiye aliyenisemea kwake, naye wakubwa kama hawa walimwacha afe kwa kukosa dawa. Nikapiga kelele, hakuna aliyesikia.

Basi nikamwachia Ndimyake kamba, nikaenda kusimama mbele ya mkwe wangu. Aliponiona alijifunika kanga usoni, akakimbia. Wenzake wakatawanyika kumpisha, wakicheka.

Kamba ikamshinda Ndimyake. Mnara ukaanguka patupu.

Msimamizi akaja anafoka. "Nani kaacha kamba?"

"Mimi," nikamjibu. Mkwe wangu alikuwa getini, amenigeuzia mgongo, mtoto analia, mzima.