Kondoo wa Mtoto wa Nalangu

Mimi nina hasira za karibu, wala sijawahi kuzificha. Alhamisi ile ya mwaka 1987 zilinipanda kabla hata sijavua koti. Dizeli iliyobaki pale kwenye hospitali yetu ya misheni, Karatu, ilitosha kuendesha jenereta saa moja tu, na mashine ya altrasaundi haiendi kwa sala. Kwenye benchi la korido walikaa wajawazito saba, kila mmoja kanywa lita nzima ya maji. Bila kibofu kujaa, mashine ile ya msaada ilionyesha ukungu mtupu.

Wa saba aliitwa Nalangu, ametoka Olbalbal, ng'ambo ya Ngorongoro. Mimba ya miezi saba, na mara mbili alishatokwa na damu bila maumivu. Mimi ni mkunga, najua maana yake. Huenda zalio, lile linalotoka baada ya mtoto, limekaa chini na kuziba njia. Kama ndivyo, uchungu ukimshika kule uwandani, hakuna gari wala daktari, na watakufa yeye na mtoto wake. Nilitaka kumpima kabla jenereta haijazima. Basi.

"Risiti iko wapi?" nikamuuliza.

Akainamisha kichwa. Mama mkwe wake, Naeku, alikuwa amesimama mlangoni ameshika kamba, na kwenye kamba kuna kondoo dume, mnene, mkia umejaa mafuta.

Hapa nieleze upuuzi wetu. Huduma za uzazi kwetu zilikuwa bure. Lakini daftari la hesabu halikuwa na safu ya mashine mpya, kwa hiyo Valeriani, karani wa dirishani, akaiingiza kwenye eksirei, na eksirei ni shilingi mia mbili. Wajawazito wote walitoka pale na risiti iliyoandikwa "eksirei, kifua". Kifua! Nilishapiga kelele mpaka nikachoka. "Sista Marsela, mimi nafuata daftari," ndio wimbo wake kila siku.

"Pesa hatuna," Nalangu akasema kwa Kiswahili chake cha shule, amebana mapaja kwa mkojo. "Ng'ombe wamepelekwa mbali kutafuta maji. Huyu kondoo tumekuja naye kwa sababu…"

"Sitaki sababu, mama, dizeli inaisha! Auzwe!"

Nikaishika kamba. Naeku akasema neno kwa Kimaasai, akaikaza. Nikavuta. Akaniachia.

Valeriani alipomwona kondoo, macho yalimwaka. Jumapili bintiye alikuwa anapata kipaimara. Akatoa mia tano mfukoni mwake, mia mbili akaziweka kwenye droo, akaandika risiti, mia tatu akanipa mkononi. Dakika tano tu. Nilijiona mjanja kweli.

Nalangu alikuwa bado amejizuia, machozi yanamtoka. Nikamlaza. Jenereta ilishaanza kukohoa. Nikapitisha kidude tumboni, nikaona kichwa, nikaona moyo unadunda. Nikakishusha chini. Lo! Zalio lilikuwa limefunika njia yote. Nikabonyeza kutoa picha, na palepale mashine ikazima.

Nikatoka nao koridoni. Nikamwambia Nalangu amfasirie mama mkwe wake: hakuna kurudi Olbalbal, akae hapa mpaka siku ya kupasuliwa. Naeku akasikiliza mpaka mwisho, akajibu maneno machache, akajifunga lubega yake vizuri.

"Yeyo, mama huyu, anasema tunakwenda nyumbani."

"Kwenda wapi? Hujamwambia utakufa?"

"Nimemwambia. Anasema umeuza kondoo wa mtoto. Sasa tukae tumsubiri nani?"

Ndipo nikaelezwa ile sababu niliyoikataa. Yule kondoo alitengwa tangu mimba ilipojulikana. Mtoto akizaliwa, wanawake wanamchinja, na mzazi anakunywa mafuta yake apate nguvu. Walitembea naye ili popote uchungu utakapomshika Nalangu, kondoo awepo. Kumuuza mapema ni sawa na kutangaza kwamba hakuna mtoto atakayekuja. Na mimi ndiye niliyetangaza, kwa mkono wangu mwenyewe. Picha ya kumwonyesha Naeku nayo sina. Niliona aibu, jamani.

Walikuwa wameshafika getini. Nikakimbia dirishani. Kondoo amefungwa kwenye baiskeli ya Valeriani.

"Nirudishie huyo."

"Risiti nimeandika nakala tatu, Sista. Haifutiki."

"Nani kakwambia ufute? Mia tatu hizi hapa. Mia mbili kata kwenye mshahara wangu."

"Na kipaimara?"

"Mwambie mwanao Roho Mtakatifu hali nyama!"

Akaguna, akafungua kamba.

Niliwakuta barabarani kwenye lori la kupanda Ngorongoro, injini inanguruma, Nalangu ameshakanyaga tairi apande. Mimi na gauni langu jeupe navutana na kondoo asiyetaka kwenda, watu wanacheka hawana mbavu. Naeku akamkagua alama ya sikioni, akamshika mkia. Akauliza kitu.

"Anasema wewe unalala wapi," Nalangu akafasiri.

"Nyuma ya hospitali. Chumba kimoja."

"Anasema tutakaa kwako."

Wiki sita! Kondoo alimaliza mchicha wangu wote, na Naeku hakunisemesha hata siku moja. Usiku nilikuwa naamka kupapasa shuka la Nalangu kama lina damu. Siku ya kupasuliwa, mtoto alitoka wa bluu, kimya, nikamsugua mgongo huku namgombeza, mpaka akalia. Msichana.

Siku ya tano walimchinja kondoo uani kwangu. Valeriani akaja kufuata harufu. "Hata mfupa, Sista?" Naeku akamfukuza kwa fimbo, maana nyama ile ni ya wanawake tu. Akampa Nalangu kikombe cha mafuta. Halafu akakata kipande cha nyama, akanijia.

"Kula," akaniambia kwa Kiswahili, mwenyewe, bila kufasiriwa. "Wewe uliyemuuza."

Nikala. Machozi yalinitoka, wala sikuyafuta.