Foleni ya Vitabu vya Masika

Kitu cha kwanza Kija alichokiona ni kandambili. Kandambili moja tu, ya mguu wa kushoto, imekaa nyuma ya jiwe lake kama mtu anayesubiri zamu.

Jiwe lilikuwa lake kweli. Kila asubuhi alitoa nje kibao cheusi cha duka, akakiegemeza ukutani na kukizuia kwa jiwe, maana upepo wa ziwani wakati wa masika hauna adabu. Kisha aliingia ndani kuchukua ufagio. Sasa ametoka, na hiyo kandambili ipo. Alipomaliza kufagia kizingiti, nyuma ya kandambili palikuwa na kopo la mafuta, nyuma ya kopo nusu tofali, na nyuma ya tofali mwanamke mnene anayehema.

"Binti, hili jiwe la mbele la nani?"

Kija alitaka kusema ni la kibao. Maneno yalifika kwenye meno yakageuza njia. "La... hapa," alisema.

"Haya. Basi mimi niko nyuma ya tofali. Ushuhudie."

Miaka ile ya uhaba sukari ilikuwa ikisikika zaidi ya kuonekana, na sabuni vivyo hivyo. Mtu wa mtaa huu wa Mabatini akikuta jiwe mbele ya duka, aliweka lake nyuma yake kwanza, halafu ndiyo akauliza kinauzwa nini. Wengine hawakuuliza kabisa. Waliona kuuliza kunaleta mkosi.

Taabu ni kwamba hili lilikuwa duka la vitabu.

Mwenye duka, Mzee Lwakatare, alitoka Bukoba na imani moja kubwa: kila kitabu kina msimu wake, kama senene. Kiangazi aliandika kwenye kibao kwamba watu wasome habari za kuchimba visima. Wakati wa kuvuna pamba, wasome hesabu. Masika wasome vitabu vinene, kwa kuwa tope limewafungia ndani na hawana pa kukimbilia. Masika haya kibao kilisema: TUNAPENDEKEZA "MIHOGO NA MAADUI ZAKE". Wapita njia walisimama, wakasoma, wakasema, "Kweli kabisa," wakaenda zao.

Kitabu alichokipenda Kija hakikuwahi kupanda kwenye kibao. Kilikuja kwa makosa, boksi zima, ndani ya mzigo kutoka Dar es Salaam. Kiliitwa "Kiboko Aliyeposa Ukerewe". Mzee alisoma kurasa mbili akakifunga.

"Upuuzi," alisema. "Kiboko ataposaje? Hana hata mjomba wa kumtuma."

Kija aliacha shule darasa la nne, mama yake alipojifungua mapacha, na bado alisoma akifuata mstari kwa kidole. Lakini kile kitabu alikisoma chote, amechutama nyuma ya rafu, kitambaa cha kufutia vumbi amekijaza mdomoni ili kicheko kisitoke. Kilitoka hivyo hivyo, kwa mafungu. Mzee aliyasikia yale mafungu akamhurumia sana. Akamnunulia dawa ya kifua, chungu kama shubiri, na kila jioni kabla ya kufunga alimnywesha kijiko kizima kwa mkono wake. Kija alikunywa. Kukataa kungemlazimu aeleze.

Na leo ndiyo ilikuwa siku ya mwisho ya lile boksi. Mzee alikwisha kupatana na Mama Dorotea, muuza karanga wa Igoma, aje achukue viboko vyote akachanie karatasi za kufungia karanga. Kija hakulala vizuri. Alimwona yule kiboko, baada ya taabu yote ya posa, akiishia kwenye chumvi.

Kufikia saa nne foleni ilikuwa imepinda kona. Kija alijibanza nyuma ya mlango, akasikiliza.

"Ni sukari. Shemeji yangu ameona gunia."

"Sabuni! Hunusi?"

"Ninayoinusa ni wewe, na huo ndio ushahidi kwamba sabuni haipo."

Balozi wa nyumba kumi, Bwana Ngosha, alitokea akiwa na fimbo na kuanza kunyoosha mstari, ingawa hakuna aliyemwita. Mama Dorotea naye alifika na kikapu chake, akaenda moja kwa moja mlangoni.

"Mama! Foleni!" watu walipiga kelele.

"Mimi nimekuja kuchukua karatasi zangu tu."

"Na sisi tumekuja kusali? Nyuma!"

Balozi akamwonyesha mkia kwa fimbo. Mama Dorotea akaenda, analaani. Kija alipumua kidogo.

Mzee Lwakatare alikuja akitokea Buzuruga, mwavuli kwapani, suruali imekunjwa kukwepa tope. Aliona foleni. Hakutazama ni ya duka gani. Aliokota jiwe, akaliweka nyuma ya Mama Dorotea, akasimama.

"Wanatoa nini?"

"Wanasema sukari. Lakini Mzee, si hapa ni kwako?"

Mzee alinyanyua macho, akaona mlango wake, ukuta wake, kibao chake mwenyewe.

"Ai, waitu!" alimaka kwa lugha ya kwao. "Na mbona sikuambiwa?"

Ilibidi asukumane na watu apite, akitukanwa njia nzima kwamba wazee siku hizi hawana haya. Alipofika mbele alisimama kizingitini, akakohoa kwa heshima.

"Ndugu wananchi, hapa hakuna sukari. Hapa kuna vitabu."

Watu wakaanza kuchagua tusi.

"Kwa masika haya," Mzee aliendelea, "napendekeza habari za mihogo."

"Mihogo ninayo!" alifoka mwanamke mnene. "Nimesimama tangu asubuhi nisikie habari za mihogo?"

"Mwenye jiwe la kwanza ndiye aliyetudanganya! Ni nani?"

Balozi akainua fimbo. "Tulieni. Watu hawawezi kupanga foleni hii yote warudi na vikapu vitupu. Nitauweka wapi uso wangu? Wewe binti. Ndani humo hakuna kitu hata kimoja cha mtu kupeleka nyumbani?"

Macho yote yakamgeukia Kija. Huko nyuma Mama Dorotea alishatoka mstarini, anakuja na kikapu. Boksi lilikuwa miguuni pa Kija. Alitaka kusema, "Kipo." Badala yake akainama, akachukua kitabu kimoja, akakifungua palipojifungua penyewe kwa kuzoea, akaweka kidole, akasoma. Sauti ilianza kama ya mbu.

"'Kiboko akaja kwa wakwe amevaa kanzu ya kuazima, ikamwishia kitovuni. Akakaribishwa kiti. Akakikalia. Kiti kikafariki.'"

Mtu mmoja akacheka puani.

"Ongeza sauti!" alisema Balozi.

"'Mama mkwe akamuuliza: Mwanangu, huwa unakula nini? Kiboko akajibu kwa adabu: Mama, kwani mmelima nini?'"

Mwanamke mnene alishika ukuta. Nyuma yake wakauliza amesema nini, wakaambiwa, kicheko kikatembea foleni nzima mpaka kikapinda kona. Kija mwenyewe alishindwa. Mabega yalimruka, akatoa yale mafungu yake yote hadharani.

"Mwacheni apumzike," Mzee aliwaambia watu kwa huruma. "Ana kifua."

"Kimoja kimoja!" Balozi alinguruma. "Asichukue mtu viwili! Wajawazito mbele!"

Hapo Mzee Lwakatare akakumbuka kwamba naye ni mfanyabiashara. Akafanya kama maduka yote ya wakati ule: ukitaka kununua kiboko, sharti ununue na mihogo. Watu walinung'unika, wakachukua. Mama Dorotea alipofika mbele boksi lilibaki na nakala moja. Aliigeuza geuza, akasoma kidogo, midomo ikicheza, kisha akaiweka kwapani.

"Hii sichani," alisema. "Nipe hiyo mihogo ndiyo nichane."

Jioni Kija aliingiza kibao. Mzee alikuwa amefuta mihogo na kuandika kiboko, kwa herufi kubwa, kama wazo lake. Akatoa chupa na kijiko.

"Leo umekohoa kupita siku zote, mwanangu. Fungua mdomo."

Kija alikitazama kijiko. Akakishika, akakirudisha chini taratibu.

"Mzee," alisema, "mimi sijawahi kukohoa. Nilikuwa nacheka."