Tangi kwenye Pembe ya Mama

Mama alipozikwa na kitanda chake kutolewa sebuleni, pembe ile ilibaki na alama za miguu ya kitanda kwenye zulia, na ukimya usiozoeleka. Kwa miaka mingi binti yake, muuguzi, alikuwa akirudi kutoka wodini na kumwamkia kabla hata ya kuvua viatu. Sasa alifungua mlango, mdomo ukajiandaa wenyewe, "Shikamoo ma—", kisha akaimeza salamu yake na kwenda kubandika chai ya mtu mmoja.

Mdogo wake wa kiume, fundi magari mwenye maneno mengi kuliko spana, hakuona sababu ya yeye kuendelea kukaa humo.

"Hamia kwangu, dada. Chumba cha nyuma kipo. Watoto wanakupenda, mke wangu anakupenda, hata mbwa anakupenda."

"Mkeo anapenda mtu wa kubaki na watoto."

"Hilo nalo si ni pendo?"

Dada alicheka naye, lakini chumba kile alikijua. Ukishaingia humo unakuwa shangazi tu, asubuhi hadi jioni, na hakuna anayekumbuka kwamba uliwahi kuwa na mlango wako.

Ndipo siku moja ya mapumziko akapita mbele ya duka la samaki wa mapambo, akasimama. Alipotoka, alikuwa amenunua tangi la kioo, pampu, taa, magunia ya mchanga, mawe ya baharini na mfuko wa chumvi ya kutengenezea maji ya bahari. Mwenye duka, mzee mpole aliyefunga miwani yake kwa uzi, alimpa na kijiti cha kupimia chumvi.

"Usiwe na papara, sista. Maji yaache yaive kwanza. Yakiiva, ndiyo uje uchukue wageni."

Akayaacha yaive. Wiki zikapita, tangi limekaa kwenye pembe ya mama likinguruma polepole, ndani yake hamna kitu kinachotikisika. Mdogo wake alipokuja aliliinamia, akalizunguka, akajikuna kichwa.

"Wenzio hufuga samaki. Wewe dada unafuga mawe."

"Samaki wanakuja."

"Na wakija wakafa?"

"Wakifa, nabeba godoro langu nakuja kwako. Sikusumbui tena na habari za kukaa peke yangu."

Aliyasema kwa utani. Ila mdogo wake aliacha kucheka, akamtazama, na wote wawili wakajua kwamba maneno yale yamekwisha kuwa ahadi.

Samaki walikuja wawili, wa rangi ya chungwa wenye mikanda myeupe, mmoja mnene na mwenzake mdogo kama kidole cha mtoto. Muuguzi akavuta kiti. Jioni alikula akiwatazama, akawasimulia ya wodini: mgonjwa aliyeficha dawa ndani ya soksi, daktari aliyepotea akitafuta wodi yake mwenyewe. Hawakumjibu, lakini walitembea, na kitu kinachotembea ndani ya nyumba ni kitu.

Kila baada ya siku chache maji yalipungua. Hilo halikumtisha. Kupungukiwa maji ilikuwa ndiyo kazi yake, kwani nusu ya umri wake aliimaliza akining'iniza dripu. Mtu anayepoteza maji humpi maji matupu. Unamrudishia na chumvi yake, kwa kipimo. Basi alichanganya ndoo, akatumbukiza kijiti, akahakikisha chumvi imefika mstari uleule wa siku ya kwanza, ndipo akajaza tangi. Hakuwahi kukosea hata ndoo moja.

Samaki wakaanza kuhema. Kwanza yule mdogo, akajificha nyuma ya jiwe, mashavu yakipanda na kushuka mbiombio. Muuguzi alizijua pumzi za namna hiyo. Alibadilisha chakula, akapunguza taa, akaongeza ndoo nyingine safi, iliyopimwa. Asubuhi moja akamkuta yule mdogo amelala ubavu juu ya mchanga, na yule mnene hataki kula.

Akamfunga maiti wake kwa kipande cha bandeji, kwa kukosa kingine. Kisha akakaa kwenye kile kiti, mikono mapajani. Mama alikuwa mzee na ugonjwa ulikuwa mkubwa. Hayo aliyajua, aliwahi kuwaeleza hata wengine. Lakini pembe ilikuwa ileile, na mikono iliyomuuguza ilikuwa hiihii.

Akapiga simu. "Njoo na pikapu Jumamosi."

Mdogo wake hakutania. "Sawa, dada. Nitakuja."

Alianza kufungasha. Vyombo vikaingia kwenye maboksi, nguo kwenye masanduku. Alipofika kwenye tangi akashika kitambaa ili afute ukingo wa kioo, na kitambaa kikakwaruza. Ukingo mzima ulikuwa na ukoko mweupe. Akaugusa, akaonja. Chumvi.

Akabaki amesimama, kidole bado mdomoni. Mgonjwa akitoka jasho, chumvi hutoka nalo. Tangi halitoki jasho. Maji yake hupaa yenyewe, matupu, na chumvi yote hubaki chini. Naye kwa kila ndoo alikuwa akiongeza chumvi nyingine juu yake. Alichukua kijiti, na kwa mara ya kwanza tangu siku ile ya kwanza akakitumbukiza ndani ya tangi. Chumvi ilikuwa imeupita mstari mbali sana.

Hakukurupuka. Hilo nalo wodi ilikuwa imemfundisha: aliyezidiwa na chumvi mwilini ukimrekebisha kwa pupa, unamuua kwa huruma. Alitoa kikombe cha maji ya tangi, akatia kikombe cha maji matupu yaliyochujwa. Akasubiri. Akarudia, siku hiyo na iliyofuata na nyingine, maboksi yamemzunguka.

Jumamosi mdogo wake alimkuta amepiga magoti, kikombe mkononi. Muuguzi akaeleza kosa lake lote, bila kujitetea.

"Kwa hiyo uliwapa dripu," mdogo wake akasema taratibu. "Samaki. Ukawapa dripu."

"Niliwapa."

"Dada, wewe ni mtu wa ajabu." Akachuchumaa naye. "Lakini mmoja amekufa. Ulisema wakifa."

"Nilisema wakifa. Huyu hajafa."

Mdogo wake alimtazama yule mnene, akayatazama maboksi, akamtazama dada yake. "Na akifa kesho?"

"Nitajua ni kwa nini. Siji, mdogo wangu. Mwambie mkeo anisamehe."

Mdogo wake akanyanyua boksi la vyombo na kulirudisha jikoni, na la pili, na la tatu, bila kuambiwa. Aliondoka na pikapu tupu, akapiga honi kwenye kona.

Nyumba ikarudia mngurumo wake. Muuguzi alidondosha punje chache za chakula. Samaki alitoka nyuma ya jiwe, akasita, akadaka moja, akaitema, akaidaka tena na kuimeza. Hakumtazama yeye, alitazama mkono. Muuguzi akauacha mkono palepale juu ya maji, usitikisike.